Mwongozo kamili: kukagua magonjwa ya kuambukiza gerezani ukiwa mkaguzi huru

Huu mwongozo ni wa watu wanaoingia magereza kuangalia hali ya wafungwa na mahabusu huku wao wenyewe hawako chini ya mkuu wa gereza, yaani wajumbe wa tume za haki za binadamu, kamati za kutembelea magereza, asasi za kiraia zenye kibali, mawakili, na madaktari wanaoombwa kusaidia timu. Wengi wetu tunaingia mle tukijua vizuri kuuliza habari za kupigwa na kuteswa, ila likija suala la kifua kikuu au kuhara tunawaachia zahanati, tunaona hayo ni mambo ya kidaktari. Sasa fikiria, mtu aliyefungwa hawezi kuhama chumba akiona mwenzake anakohoa damu, hawezi kwenda hospitali anayoitaka, hawezi kufungua dirisha ambalo halipo, kila kitu cha kumkinga au kumwambukiza kiko mikononi mwa waliomfungia. Ndo maana lazima awepo mtu wa nje wa kuuliza.

Na cha kuuliza, ukiondoa mengine yote, ni hiki: zilipita siku ngapi kuanzia mtu wa kwanza alipoonyesha dalili mpaka mwenye mamlaka akachukua hatua, na hapo katikati nani alikuwa anajua? Hatua zote utakazosoma humu zinatafuta jibu la hilo swali.

Kama kuna mtu kwenye timu yako anaona haya ni mambo ya pembeni, mpe hizi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu aliye gerezani ana uwezekano kama mara 10 wa kuugua TB kuliko aliye uraiani. Makadirio ya watafiti yaliyotoka 2023 yanaonyesha kwamba mwaka 2019 watu kama 125,000 waliugua TB magerezani duniani, na waliogunduliwa ni kama nusu tu. Hao wengine walikuwa mle mle, wanalala, wanakohoa, wanaachiwa, wanarudi nyumbani kwa watoto wao. Na ukuta wa gereza haujawahi kuzuia ugonjwa. Mwaka 1750 wafungwa waliotolewa gereza la Newgate kwenda mahakama ya Old Bailey, London, waliingia na homa ya jela, ile taifasi inayoenezwa na chawa, ikaua Meya wa London na majaji wawili pamoja na watu wengine waliokuwepo. Mwaka 1991 kwenye magereza ya jimbo la New York TB sugu iliua wafungwa kadhaa na askari magereza mmoja.

Hatua ya 1: Hakikisha mamlaka yako iko kwenye karatasi

Kabla hujafika getini ujue unasimamia nini. Kanuni za Nelson Mandela, zile za namna wafungwa wanavyotakiwa kutendewa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015 (kila kanuni nitakayotaja namba humu ni ya hizo), zinasema kwenye kanuni ya 83 kwamba ukaguzi uwe wa aina mbili, wa ndani unaofanywa na idara yenyewe ya magereza, na wa nje unaofanywa na chombo huru. Kanuni ya 84 inampa mkaguzi haki ya kuona takwimu na kumbukumbu zote, kuchagua mwenyewe gereza la kwenda, kufika bila taarifa, kuchagua wa kuongea naye, na kuongea naye kwa siri, awe mfungwa au mfanyakazi. Inasema pia kwamba timu ya wakaguzi wa nje iwe na wataalamu wa afya. Nchi zilizojiunga na Itifaki ya Hiari ya Mkataba dhidi ya Mateso, iliyopitishwa 2002 ikaanza kutumika 2006, zinatakiwa ziwe na chombo cha taifa chenye haki hizo kisheria. Kwa Afrika kuna pia Mwakilishi Maalumu wa Tume ya Afrika wa masuala ya magereza, cheo kilichopo tangu 1996, na Ulaya wana kamati ya Baraza la Ulaya ya kuzuia mateso.

Kama nchi yako haijajiunga usikate tamaa, soma sheria ya magereza ya kwenu, mara nyingi kuna kifungu cha majaji au wakaguzi wa kutembelea, au sheria ya tume ya haki za binadamu inatoa ruhusa hiyo. Tafuta majibu ya maswali matatu: naweza kuingia bila kutoa taarifa, naweza kuona rejista za afya, naweza kuongea na mtu bila askari kusikia? Ukiambiwa hapana kwa lolote, hiyo hapana iandike, ndo jambo la kwanza kwenye ripoti yako.

Afu kuna kitu watu wanachanganya sana. Daktari wa gereza kazi yake kwa kanuni ya 35 ni kukagua chakula, usafi, hewa na mwanga na kumshauri mkuu wa gereza, na wapo wanaoifanya kwa moyo wote, lakini kama mshahara wake, nyumba yake na uhamisho wake vinapitia idara ile ile, huyo sio ukaguzi huru, hata awe mtu mwema kiasi gani. Mheshimu, msikilize, ila usimfanye awe ndo jicho lako.

Hatua ya 2: Jiandae kabla ya kwenda

Tafuta daktari au nesi asiyeajiriwa na magereza awe kwenye timu. Kama hamna kabisa, angalau wote mjue magonjwa manne matano na muda wake, manake muda ndo utakaokusaidia kurudisha kalenda nyuma. Kifua kikuu: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda. Kipindupindu: dalili zinaweza kuanza ndani ya saa chache mpaka siku tano tangu mtu ameze vijidudu, yaani ukikuta wagonjwa leo, chanzo ni cha wiki hii, sio cha mwezi uliopita. Homa ya uti wa mgongo: siku 2 mpaka 10, na waliokaa karibu na mgonjwa wanatakiwa kupewa dawa ya kinga haraka. Upele unaowasha usiku: kwa mtu anayeupata mara ya kwanza unachukua wiki nne mpaka sita kujitokeza, kwa hiyo selo inayojikuna leo ilianza kuambukizana zaidi ya mwezi uliopita, na kama walitibiwa wawili leo, watatu wiki ijayo, blanketi zile zile, upele utarudi tu, lazima watibiwe wote kwa pamoja na nguo zifuliwe siku hiyo hiyo. Ongeza homa ya ini na VVU, ambazo haziruki na hewa lakini gerezani zina njia zake, nyembe za kushirikiana, kuchora tatuu, sindano, ngono, ubakaji.

Na afya yako wewe. Ukiwa na mafua, homa au unaharisha, usiende, tuma mwenzio. Machi 2020, Uviko ulipoanza kusambaa, Kamati Ndogo ya Kuzuia Mateso ya Umoja wa Mataifa iliwaambia wakaguzi kwamba ukaguzi uendelee lakini kwa msingi wa kutomdhuru yeyote, na kwamba hata sehemu za karantini ambazo mtu hawezi kutoka, nazo ni za kukaguliwa. Uingereza mwaka huo wakaguzi wa kujitolea wa bodi huru walifungua laini ya simu ya bure ili wafungwa wawapigie wakati kutembelea kumekuwa kugumu. Kwa hiyo mlipuko wa ugonjwa unabadilisha namna ya kukagua tu, ukaguzi wenyewe haufutwi, na mkuu wa gereza akikwambia "hamuwezi kuingia sababu kuna ugonjwa", jibu ni kwamba huo ugonjwa ndo umekuleta, tuongee naingiaje kwa usalama, maski, nafasi ya wazi ya kuongelea, timu ndogo.

Hatua ya 3: Saa ya kwanza ndani

Watakukaribisha ofisini na watataka mkae. Salimia, jitambulishe, onyesha barua, afu omba namba hizi za siku hiyo na uandike saa uliyopewa: watu wangapi wapo leo, uwezo halisi wa gereza ni wangapi, wameingia wangapi wiki iliyopita, wangapi wanaumwa sasa, wangapi wako hospitali ya nje, wangapi wametengwa na kwa nini, wangapi wamekufa miezi 12 iliyopita. Usibishane na namba yoyote hapo. Ziandike tu, utazihitaji baadaye ukishaona rejista.

Kikao cha ofisini kikiwa kirefu sana kumbuka kuna mahali panasafishwa. Gawaneni, mmoja aende moja kwa moja vyumba vya kutengwa na sehemu wanapopokelewa wapya, mwingine zahanati akaombe rejista zote ziwekwe mezani kabla hazijaguswa.

Hatua ya 4: Soma rejista kwa kuzilinganisha

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Rejista moja peke yake haikuambii kitu, unazisoma mbili mbili. Omba rejista ya wagonjwa wa nje, rejista ya TB, kitabu cha maabara, leja ya dawa, kitabu cha rufaa za hospitali, kitabu cha getini, rejista ya waliotengwa, rejista ya vifo na kitabu cha malalamiko.

Anza na kuhara. Chukua wiki sita za nyuma, hesabu wagonjwa wa kila siku, chora mstari kwenye daftari lako. Afu fungua leja ya dawa uangalie pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini zilizotoka wiki hizo hizo. Tuseme rejista ina wagonjwa watatu wa kuhara kwa wiki ila pakiti zilizotoka ni 80, hapo kuna mawili, ama watu wanatibiwa bila kuandikwa ama dawa zinaenda kwingine, na yote mawili yanakuhusu. Ikiwa kinyume, wagonjwa wengi na dawa haikutoka, basi walitibiwa na nini?

Kwa TB fuata watu watano kuanzia mwanzo mpaka mwisho, uwape namba badala ya majina. Tarehe alipolalamika kikohozi, tarehe makohozi yalipochukuliwa, tarehe majibu yaliporudi, tarehe alipoanza dawa, tarehe alipohamishwa kutoka selo ya watu wengi, tarehe waliolala naye walipopimwa. Mashine ya GeneXpert inatoa majibu ndani ya saa mbili hivi, kwa hiyo ukikuta majibu yamechukua wiki tatu, usiandike "kipimo kinachelewa", uliza sampuli ilikaa wapi, gari lilikuwepo, askari wa kusindikiza alikuwepo, hospitali ilikataa? Mara nyingi utakuta tatizo ni usafiri na sio maabara. Na ukikuta ile safu ya waliolala naye iko tupu kwa wote watano, umeshapata kitu kizito.

Halafu wapya. Kanuni ya 30 inasema kila anayeingia aonwe na mhudumu wa afya mapema iwezekanavyo. Chukua kitabu cha getini, hesabu walioingia wiki moja, linganisha na waliochunguzwa. Angalia na mwandiko. Ukurasa uliojazwa kwa mpigo unaujua, kalamu ile ile, rangi ile ile, mkono haujachoka, joto la mwili la kila mtu 36.5, kikohozi hapana hapana hapana mpaka chini, siku saba zote mtu mmoja bila siku ya mapumziko. Usimtuhumu nesi papo hapo. Muulize tu ana watu wangapi kwa siku na yuko na nani zamu, pengine amepewa watu 60 jioni moja na hana hata kipimajoto, na hapo aliyejaza ukurasa kwa mpigo sio wa kubebeshwa lawama peke yake.

Siri za wagonjwa usizichezee. Namba za jumla unaweza kuzinakili, faili la mtu mmoja mmoja unalisoma kwa ridhaa yake, majina ya wenye VVU hayaingii kwenye simu yako wala kwenye daftari, na hupigi picha ukurasa wenye majina hata kama hakuna anayekuzuia.

Hatua ya 5: Ingia selo na utepe wa kupimia

Nenda asubuhi sana kabla hawajatoka au jioni wakishafungiwa, manake selo ya saa nne asubuhi iliyofagiwa na kuachwa wazi haikuonyeshi hewa ya usiku. Pima urefu na upana, hesabu wanaolala, gawanya. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inapendekeza mita za mraba 3.4 kwa mtu kwenye chumba cha kulala pamoja, ile kamati ya Ulaya inasema 4 bila kuhesabu choo. Choo, Msalaba Mwekundu wanapendekeza kimoja kwa watu 25. Ukikuta watu wanalala ubavu kwa zamu, andika hivo hivo, wanageuka kwa amri, wanalala kwa zamu ngapi, vichwa vinaelekea wapi.

Madirisha: yanafunguka? Yamezibwa na nani, kwa sababu gani, baridi, usalama, mbu? Simama ndani mlango umefungwa kwa dakika kumi usikie mwenyewe hewa ilivyo. Bomba lifungue wewe kwa mkono wako, usiambiwe "maji yapo", afu waulize yanatoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Maji ya kunywa yanakaa kwenye nini, kina kifuniko, wanachotea nini, kikombe kimoja? Ndoo ya haja ya usiku iko umbali gani na wanapolala? Sabuni ya mwisho waligawiwa lini? Kwa wanawake uliza pia pedi na maji ya kuogeshea watoto wachanga waliopo nao.

Hatua ya 6: Ongea na watu, na uwalinde

Usikubali kuletewa wa kuongea nao. Chagua mwenyewe, na ukubali kwamba yule nyapara atakayejisogeza wa kwanza anaweza kuwa na mengi ya kusema au anaweza kuwa ametumwa. Ongea na wengi, hata wasio na cha kusema, ili asijulikane nani kasema nini, hii ni muhimu kuliko maswali yenyewe. Mahali paonekane lakini pasisikike.

Ukiuliza "kuna magonjwa humu?" utajibiwa "hakuna mkuu". Uliza hivi: mara ya mwisho kuumwa ulimwambia nani? Alikujibu nini? Ulionwa baada ya siku ngapi? Nani anaandika majina ya kwenda zahanati? Hapo kwenye kuandika majina pachimbe, sababu kanuni ya 31 inataka wagonjwa wote wafikiwe na mhudumu wa afya kila siku, lakini kwenye magereza mengi anayeamua nani mgonjwa ni askari wa zamu au nyapara, na kama jina linaingia orodhani kwa kutoa kitu, basi mgonjwa asiye na kitu anakaa na kikohozi chake mpaka aanguke. Uliza selo moja kuhusu selo jirani, watu wanasema kwa urahisi zaidi habari za wenzao kuliko zao. Watafute wasiojua lugha inayotumika pale, wazee, wenye ulemavu wa akili, vijana wadogo, na waliofungiwa peke yao.

Usiahidi usichoweza. Mwambie mtu wazi unafanya nini na maneno yake, na muulize kama anataka yatumike au la. Kanuni ya 57 inakataza mtu kuadhibiwa kwa kulalamika, ila kanuni haikai naye usiku baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo panga ziara ya pili au simu ya kumjulia hali kabla hujatoka.

Hatua ya 7: Tofautisha kutengwa kwa ugonjwa na adhabu

Kumtenga mwenye ugonjwa wa kuambukiza kunaruhusiwa, ila ni uamuzi wa mhudumu wa afya, kanuni ya 27 inakataza watu wasio wa afya kupuuza au kubatilisha maamuzi ya kitabibu. Kumfungia mtu saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na watu, hicho ni kifungo cha upweke, na kikizidi siku 15 mfululizo kinakatazwa. Sasa gereza likitumia chumba kile kile cha adhabu kuweka wagonjwa, bila redio, bila jua, bila simu ya nyumbani, matokeo yake kila mwenye dalili anaificha. Kila aliyetengwa muulizie: ni nani aliamua, kwa ugonjwa gani, tarehe gani, ataangaliwa tena lini, atatoka kwa kigezo gani, anatoka nje kupata hewa saa ngapi, dawa anapewa na nani, familia inajua? Kama hakuna tarehe ya kutoka, hapo kuna kasoro kubwa. Na kama wenye TB na wanaoshukiwa tu wamewekwa chumba kimoja, sema siku hiyo hiyo, usisubiri ripoti.

Hatua ya 8: Askari na wafanyakazi

Waulize nao kwa faragha. Wanavuta hewa ile ile, wanapanda daladala kurudi kwa watoto wao, na wengi hawajapimwa TB tangu waajiriwe. Nani anawapa maski, wamechanjwa homa ya ini, wakiumwa wanaruhusiwa kubaki nyumbani na mshahara? Askari akijua ripoti yako inamtetea na yeye, atakuambia mambo.

Hatua ya 9: Fuatilia uhamisho

Kama una muda wa kufuatilia kitu kimoja tu, fuatilia basi la uhamisho. Mwisho wa Mei 2020, California, wafungwa 189 walitolewa gereza la Chino lenye mlipuko wa Uviko, 122 wakapelekwa San Quentin na 67 Corcoran, nia ikiwa kuwalinda wenye hatari zaidi. Ofisi huru ya Mkaguzi Mkuu wa jimbo iliingia kuchunguza na ripoti yake ya Februari 2021 ndo mfano mzuri ninaoujua wa kazi hii, manake haikuishia kusema "uhamisho haukuwa salama". Walipanga tarehe. Wakaonyesha wengi wa wale watu vipimo vyao vilikuwa vya wiki kadhaa nyuma. Wakaonyesha kwamba dalili zilikaguliwa mapema mno, kwa baadhi saa kadhaa kabla hawajapanda mabasi. Wakachimba barua pepe za ndani na kukuta wafanyakazi waliuliza kama wapime tena kabla ya safari na wakubwa wakakataa. Na kule San Quentin, manesi waliona dalili kwa baadhi ya waliofika, lakini wakawekwa kwenye jengo lenye milango ya nondo ambayo hewa inapita tu kutoka selo hadi selo. Mpaka mwisho wa Agosti wafungwa zaidi ya 2,200 wa San Quentin walikuwa wameambukizwa, wakafa 28 na mfanyakazi mmoja.

Ona walichokitumia: tarehe za vipimo, saa ya kupanda basi, barua pepe, aina ya mlango. Hakuna kilichohitaji darubini. Kwa hiyo wewe omba orodha ya waliohamishwa miezi mitatu, chagua wachache, uliza: alipimwa lini, faili lake la afya lilisafiri naye kama kanuni ya 26 inavyotaka, dawa za siku ngapi alibeba, alipofika alilala wapi usiku wa kwanza. Na wanaoachiwa huru vile vile, mwenye TB aliyetoka mwezi wa pili wa dawa za miezi sita alipewa barua ya kliniki gani ya uraiani? Nenda kwenye hiyo kliniki uulize kama alifika.

Hatua ya 10: Vifo

Kanuni ya 71 inataka kila kifo gerezani kiripotiwe bila kuchelewa kwa chombo huru kinachoweza kuchunguza. Ukikuta sababu ya kifo imeandikwa "moyo kusimama", hiyo sio sababu, kila anayekufa moyo wake unasimama. Rudi kwenye rejista ya wagonjwa uone alionwa mara ngapi kabla, ongea na waliolala naye, na usikie familia, wao ndo wanajua mara ya mwisho kumtembelea alikuwaje. Linganisha idadi ya vifo uliyopewa ofisini saa ya kwanza na rejista, halafu na kitabu cha mochwari cha hospitali ya karibu.

Hatua ya 11: Taarifa ikikufikia ukiwa nje

Mama anakupigia, mwanae kasema watu wanatapika tangu juzi. Andika saa na maneno yake kama alivyoyasema. Tafuta chanzo cha pili, wakili, mtu aliyeachiwa wiki hii, mhudumu wa hospitali ya rufaa. Usitaje mama kwa yeyote. Mpigie afisa afya wa serikali anayesimamia milipuko ya eneo hilo, sio wa magereza tu, na uende bila taarifa haraka iwezekanavyo. Dalili za kipindupindu hata kwa mtu mmoja, homa kali na shingo kukakamaa hata kwa mtu mmoja, vifo viwili vinavyofanana, hayo hayasubiri kikao cha kamati wala ripoti ya robo mwaka, unapiga simu saa hiyo na unaandika umempigia nani.

Hatua ya 12: Ripoti na kurudi

Epuka neno "iboreshwe". Pendekezo liwe na mtu, kitu na tarehe: mkuu wa gereza afungue madirisha manne yaliyozibwa ya jengo la pili ndani ya siku 7, mganga mkuu wa wilaya apokee sampuli za makohozi mara mbili kwa wiki kuanzia tarehe fulani, na iandikwe gari litatoka wapi. Yanayohusu msongamano usimwandikie mkuu wa gereza, hana uwezo wa kukataa mahabusu, waandikie mahakama na waendesha mashtaka, uwape idadi ya wanaokaa ndani kwa makosa madogo wakisubiri dhamana, na idadi ya wagonjwa mahututi wanaostahili kuachiwa kwa sababu ya afya. Weka mstari wako wa siku, dalili ya kwanza hapa, hatua ya kwanza pale, aliyejua ni cheo gani. Jina la mgonjwa lisiwemo wala kitu cha kumtambulisha, kumbuka kwenye gereza dogo "mwanamke mjamzito mwenye TB" ni sawa na kumtaja jina.

Kanuni ya 85 inasema ripoti itolewe kwa maandishi, ifikiriwe kuwekwa hadharani, na mamlaka ijibu ndani ya muda unaofaa kama itatekeleza. Wape tarehe ya kujibu wewe mwenyewe, na ikipita bila jibu, chapisha ukieleza kwamba hawajajibu.

Afu rudi, bila taarifa. Kabla ya kitu kingine chochote watafute wale ulioongea nao, mmoja mmoja, ana kwa ana, waone wapo selo gani sasa na kama kuna aliyehamishwa. Ukimaliza hapo ndo uende zahanati, uombe rejista kuanzia siku iliyofuata baada ya wewe kuondoka.